Friza la mama mdogo

BEKA: Inarekodi? Haya. Karibuni tena jamani, mimi Beka, na yule mwingine mnamjua.

TATU: Yule mwingine ana jina.

BEKA: Da Tatu yupo. Na leo Da Tatu amekuja na karatasi, wasikilizaji, dalili sita za zawadi feki za mtandaoni, amezipanga kwa namba na kila namba ina rangi yake.

TATU: Nimeandaa kwa sababu wiki iliyopita ulisema tunaongea ovyo.

BEKA: Tunaongea ovyo kweli. Ila kabla ya karatasi nikupe yaliyonikuta, maana ndo yaliyoleta mada yenyewe. Jumanne usiku nimelala zangu, simu inatetemeka mfululizo, nikajua tu huu msiba. Kufungua, grupu la ukoo, mama mdogo wa Tanga katupia linki. Supamaketi fulani kubwa eti inasherehekea kuzaliwa, inagawa mafriza, jibu maswali manne ushinde. Na chini kaandika mwenyewe, "Wanangu msilale, mimi langu nimeshapata."

TATU: Langu!

BEKA: Langu. Lishakuwa lake.

TATU: Maswali yenyewe gani?

BEKA: Unaijua supamaketi hii, ndiyo au hapana. Una umri gani. Huduma zetu unazionaje. We ni mwanamke au mwanaume.

TATU: Yaani mtihani wa kuwa hai.

BEKA: Ukimaliza yanakuja maboksi, unaambiwa una nafasi tatu. La kwanza patupu. La pili, friza, na vile vikaratasi vya rangi vinadondoka skrini nzima. Binamu yangu naye kafungua, la kwanza patupu, la pili friza. Mke wake, la kwanza patupu, la pili friza. Na hakuna aliyeshtuka!

TATU: Sasa hapo ndo pana ufundi wao, na hiyo ni namba tatu kwenye karatasi yangu, ile ya kijani. Ukurasa umepangwa ukose kwanza. Ungeshinda mara ya kwanza ungestuka.

BEKA: Mama mdogo kaniambia hivyohivyo! Kasema, "Beka mwanangu, wangekuwa matapeli si ningepata hapohapo? Mbona la kwanza nilikosa?" Nikakosa la kujibu, maana kwa hesabu zake yuko sahihi kabisa.

TATU: Halafu chini kuna watu wanashukuru.

BEKA: Kibao. "Nimepokea langu leo, asanteni sana." Ila ukitaka kumjibu mtu pale haibonyezeki, ni maandishi tu na picha wamebandika. Halafu ndo inakuja ile sehemu ya kushea, tuma kwa watu ishirini au magrupu matano mpaka kimstari cha kijani kijae. Kuna kijana wa IT ofisini kwetu aliifungua kwenye kompyuta isiyo na kitu cha maana, kabonyeza kushea, karudi bila kumtumia mtu, kimstari kikasogea. Akarudia, kikasogea. Kinahesabu vidole tu kile.

TATU: Haya twende namba moja sasa, maana...

BEKA: Ngoja, sijakwambia la friza.

TATU: Si umeshasema, hakuna friza.

BEKA: Jipya hakuna. La zamani kaliuza.

TATU: Kaliuza nini?

BEKA: Friza lake la zamani, Da Tatu. Siku ileile. Eti jipya likija litakaa wapi, ukumbi wenyewe mdogo. Kaita jirani yake wa genge, laki mbili na nusu, vijana wakabeba mchana kweupe.

TATU: Ya Rabi. Na yeye si ndo anauza barafu?

BEKA: Barafu za ukwaju, barafu za ubuyu, maji ya kandoro, mtaa mzima unamtegemea. Na jirani si mjinga, keshoyake kaweka kibao, "BARAFU ZIPO".

TATU: Subiri. Friza lilipobebwa lilikuwa tupu?

BEKA: Hapo sasa. Lilikuwa limejaa.

TATU: Beka!

BEKA: Limejaa barafu za ukwaju. Mama mdogo anasema alikuwa azifuate jioni na ndoo. Kafika, jirani anaziuza. Kamwambia mbona unauza barafu zangu, jirani kajibu, "Mimi nimenunua friza na vilivyomo."

TATU: Hapana. Hapana bwana. Ukinunua kabati la mtu ukakuta nguo ndani, nguo zako?

BEKA: Ndo nilivyosema mimi. Ila mjomba kwenye grupu kasema ukinunua shamba lina minazi, nazi zako.

TATU: Minazi imeota! Barafu haijaota kwenye friza!

BEKA: Imegandia mle, mjomba anasema ni haohao.

TATU: Mjomba wako asomewe. Na umeme je, nani alilipia umeme wa kugandisha?

BEKA: Hiyo hoja kaitoa mama mdogo mwenyewe! Kasema luku ilikuwa yake, kwa hiyo hata kama barafu ni za jirani, ubaridi ni wake. Grupu zima siku mbili linajadili ubaridi ni wa nani. Tapeli kasahaulika kabisa.

TATU: Na sasa hivi ye anapata wapi maji ya baridi?

BEKA: Ananunua kwa jirani. Kwenye friza lake.

TATU: Dah. Mi nacheka lakini naumia. Haya hela, alituma hela?

BEKA: Alituma. Baada ya kujaza namba yake kwenye ule ukurasa, kapigiwa wasap na "mhudumu", picha ya profaili ni nembo ya supamaketi, Kiswahili kimenyooka, anamwita mama, anamuuliza presha inaendeleaje. Elfu arobaini na tano ya kutolea mzigo stoo. Mama mdogo anataka kutuma, linakuja jina la mwanamke tu, jina la mtu, si la kampuni. Kauliza, kajibiwa huyo ni mhasibu wetu.

TATU: Hapo ndo pa kusimama sasa, hata kama yote umeyaamini. Simu inakuonyesha jina kabla hujaweka namba ya siri, ile siyo urembo. Na ye si wa juzi huyu, ile meseji ya matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", kila Mtanzania anaijua, mpaka watoto wanaigiza.

BEKA: Anaijua vizuri. Siku hiyohiyo asubuhi alipokea moja, kaifuta huku anacheka, eti matapeli wa siku hizi hawana akili. Ile inaomba hela unaikataa. Hii inakupa friza. Kwake ni vitu viwili tofauti.

TATU: Sawa. Sasa nikuulize. We linki umeiona Jumanne usiku kwenye grupu. Ulifanya nini?

BEKA: Nilisubiri asubuhi nikampigia.

TATU: Kwenye grupu hukuandika kitu?

BEKA: Siandiki kitu. Yule ni mama yangu mdogo, mle ndani kuna wakwe zake, kuna watoto aliowalea, nianze mimi kumwandikia "hii ni utapeli" mbele ya watu wote? Nilimpigia pembeni.

TATU: Na kati ya usiku na asubuhi wangapi walifungua?

BEKA: Ee, wachache.

TATU: Binamu yako, mkewe, nani tena?

BEKA: Na shangazi. Na shangazi kapeleka kwenye grupu la kikoba.

TATU: Unaona? Ule ukurasa umetengenezwa uishi kwenye magrupu, kimstari kile cha kijani kazi yake ndo hiyo, na wewe umenyamaza ili usimwaibishe mtu mmoja. Unaandika hapohapo, kwa adabu, "mama shikamoo, hii linki siyo, naomba mtu asifungue." Sekunde kumi.

BEKA: Da Tatu, adabu haiandikwi. Ukishamjibu mkubwa mbele ya watu umemjibu, hata ukitanguliza shikamoo saba.

TATU: Basi mwambie admini aifute.

BEKA: Admini ni yeye.

TATU: Mungu wangu.

BEKA: Nikwambie kitu lakini. Kwa sababu nilimpigia pembeni ndo akaniambia la pili. Walikuwa wameshamrudia, elfu themanini ya bima ya usafiri, na alikuwa ameshakopa. Angekuwa kaaibishwa kwenye grupu asingeniambia mimi, angetuma kimyakimya apate friza atuonyeshe. Mtu akiaibika anajificha, na akijificha ndo wanammaliza.

TATU: Na mimi nakubali wanajificha. Lakini we umeokoa elfu themanini ya mtu mmoja, kikoba kizima kimebaki na linki.

BEKA: Kikoba nilimwambia shangazi.

TATU: Pembeni?

BEKA: Pembeni.

TATU: Na ye kawaambia wenzake?

BEKA: Anatafuta namna.

TATU: Anatafuta namna! Beka, matapeli hawatafuti namna, wanatuma. We unasema heshima, mi nasema heshima hiyohiyo ndo wanayoitegemea, wanajua linki ikitoka kwa mtu mzima hakuna mtoto atakayenyanyua kidole.

BEKA: Na mi nasema ukiinyanyua, kesho atakapoletewa nyingine hatakuuliza. Mi nataka aniulize.

TATU: Atakuuliza akishatuma.

BEKA: Kaniuliza kabla ya ile ya pili.

TATU: Baada ya ile ya kwanza na friza.

BEKA: Usiliingize friza, friza ni kesi nyingine.

TATU: Friza ni kesi ileile!

BEKA: We kwenu Sumbawanga mnajibu wakubwa?

TATU: Usianze na Sumbawanga, najua unapoelekea, unaelekea kwenye zile ripoti za TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano.

BEKA: Mi sijasema kitu! Ni wao wanasema, kila robo mwaka wakitoa takwimu za majaribio ya utapeli kwa mikoa, Rukwa yenu na Morogoro huwakosi pale juu.

TATU: Laini zinatumika kule, haimaanishi shangazi yangu anakaa uani anatengeneza kurasa za friza. Na hatujamaliza, mi bado nasema kwenye grupu, hapohapo.

BEKA: Na mi bado nasema pembeni. Wasikilizaji watatuamulia.

TATU: Hawatuamulii kitu, mi sibadiliki. Tumebakisha muda gani?

BEKA: Jamaa wa studio ananionyesha vidole... vitano. Hapana, vinne, kimoja anajikuna.

TATU: Na karatasi yangu sijasoma hata moja!

BEKA: Soma haraka.

TATU: Namba moja, anuani. Usiangalie mwanzo wa linki, jina la supamaketi mtu yeyote anaweza kulibandika pale mbele. Tafuta slashi ya kwanza baada ya jina, kile kilichokaa kabla yake ndo mwenye nyumba, ukikuta nukta top au nukta xyz na maneno kama zawadi-bure...

BEKA: Mama mdogo hawezi kusoma hiyo, maandishi ya simu yake ameyakuza mpaka linki inaonekana herufi sita.

TATU: Basi asiifungue, aende dukani akaulize! Namba mbili. Bahati nasibu ya kampuni hapa Tanzania inatakiwa iwe na kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kuna sheria ya mwaka 2003, na mmeziona droo kwenye tivii, pembeni anakaa ofisa wa Bodi. Zawadi ambayo Bodi haiijui, unaijua wewe na mhudumu wa wasap tu...

BEKA: Vidole viwili.

TATU: Namba tatu ya maboksi tumesema. Namba nne, hakuna mshindi anayelipia ushindi, iitwe stoo, bima, kodi, usajili, chochote. Ikishafika hapo... naruka tano na sita. Beka sema ya kuripoti, mi sauti imekauka.

BEKA: Ya kuripoti, unatuma neno UTAPELI kwenda 15040, wakikujibu unaweka namba ya aliyekutapeli. Kama hela imeshatoka piga 100 ya mtandao wako muda huohuo, usisubiri asubuhi...

TATU: Usisubiri asubuhi! Umejisikia?

BEKA: Hiyo ni hela, si grupu.

TATU: Nimekusikia na wasikilizaji wamesikia.

BEKA: Na *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana wale waliokuomba namba ya NIDA "kuthibitisha mshindi"...

TATU: Hiyo ndo ilikuwa namba tano! Ndo yenye maelezo marefu!

BEKA: Tutaimalizia wiki ijayo.

TATU: Wiki ijayo tuna yule dada wa meno.

BEKA: Basi inayofuata.

TATU: Inayofuata Ramadhani, ulisema tutapumzika.

BEKA: Jamaa ameshafungua mlango, kuna watu wa kwaya wanaingia. Da Tatu beba karatasi yako. Samahani kaka, tunatoka, hiyo maiki ni ya kwetu, hiyo pia.