Kifaa Kipo, Njia Ndiyo Haionekani

Mazungumzo na wanafunzi wa programu, Bukavu

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Walio nyuma sogeeni mbele, jenereta ya jirani haina adabu.

Mwenzetu mmoja aliniletea kompyuta yake ya mezani, inayotumia mfumo wa Ubuntu. Alikuwa ameweka black, kile kifaa cha kunyoosha msimbo wa Python, kwa kutumia pip, amri ya kupakua na kuweka vifurushi vya Python. Kila akiiita, jibu ni «commande introuvable», yaani amri haikupatikana. Akarudia kuiweka, pip ikamwambia ipo tayari. Hasira ikampeleka kwenye sudo pip, yaani pip kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, mega zikateketea mara ya pili, na sasa ana nakala mbili mahali pawili.

Maneno yale ya Kifaransa hayasemi kwamba kifaa hakipo. Yanasema: nimebisha milango yote niliyoelekezwa, sikumkuta. PATH ndiyo orodha ya milango hiyo, yaani ya folda ambamo kompyuta hutafuta amri. Ukimtuma mtoto amtafute shangazi Ibanda na Kadutu, kumbe shangazi anakaa Bagira, mtoto atarudi peke yake, na hakudanganya. pip ilikuwa imeweka black ndani ya .local/bin, nyumbani kwa mtumiaji, na ilimwonya kwa maandishi ya njano kwamba mahali hapo hapamo kwenye PATH. Nani husoma maandishi ya njano?

Sasa sikieni. Ubuntu ina faili iitwayo .profile. Ukiingia kwenye akaunti yako, faili hiyo huangalia kama .local/bin ipo, ikiwepo, huiongeza kwenye PATH. Asubuhi alipoingia haikuwepo, pip iliiunda mchana. Dawa ilikuwa kutoka na kuingia upya, basi. Umeme ungekatika jioni ile, kesho yake angekuta ugonjwa umepona wenyewe.

sudo pip iacheni. Inachanganya vifurushi vyako na vile ambavyo mfumo wenyewe unavitegemea. Tangu Debian 12, ya 2023, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, pip hukataa kuweka kitu nje ya venv, yaani folda ya vifurushi vya mradi mmoja peke yake, usipoilazimisha, na mimi naona ni haki yake. Kila mradi na venv yake.

Kwa Node, ya kuendesha JavaScript, ni yale yale: npm install, ambayo ni kama pip yake, huweka amri za mradi katika node_modules/.bin, nje ya PATH. Tangulizeni npx mbele ya jina la amri, nayo itaitafuta humo.

Na kabla ya kuweka kitu upya, andikeni type -a kisha jina lake, mwone kila mahali kilipo. Mwenzetu alipoandika, baada ya kuingia upya, ilitokea mistari miwili, mmoja wa nyumbani kwake, mwingine wa /usr/local/bin. Tuliondoa ule wa sudo.