Kitambuzi kwanza, ufunguo baadaye: hewa ya mbabula katika nyumba za kupanga

Wababa na wamama mnaopangisha nyumba hapa Goma, karibuni. Leo tunasema juu ya kitambuzi, kifaa kinacholia hewa yenye sumu ya mbabula, lile jiko letu la makala, ikijaa chumbani.

Mji huu unaijua mazuku. Mtoto wa hapa anafundishwa mapema asishuke kwenye mabonde ambako hewa hiyo inalala. Ujuzi huo ni wa thamani, lakini ndani ya nyumba unaweza kutupoteza. Mazuku ni kaboni dayoksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu. Hewa ya mbabula ni kaboni monoksidi, nyepesi kidogo tu kuliko hewa. Inapanda na joto la makala na kujaa chumba kizima. Kitanda kirefu hakimwokoi mtu. Tena kitambuzi cha kaboni monoksidi hakitambui mazuku, basi mwenye kiwanja chenye mazuku asikitegemee kwa hilo.

Wengi wetu tunaogopa moshi. Makala yakishakuwa mekundu, moshi umekwisha, mtu anaingiza mbabula chumbani kwa sababu ya mvua, au anaacha maharagi yachemke usiku. Makala hayo mekundu ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi, na yakifunikwa majivu yanakosa hewa, yanaendelea kuitoa polepole hadi asubuhi. Haina rangi wala harufu. Damuni inashika hemoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, miguu inalegea, na watu wanasema ni malaria. Angalieni hili: hakuna homa, na watu kadhaa wa chumba kimoja wanaugua kwa pamoja.

Kifaa chenyewe: tafuteni kilichoandikwa EN 50291, alama ya kiwango cha Ulaya, cha betri. Umeme unapokatika ndipo jenereta zinapowashwa, nazo zinatoa kaboni monoksidi pia, kwa hiyo kifaa cha kuchomeka ukutani kitazimika saa ile ile ya hatari. Kipimo chake ni sehemu za kaboni monoksidi katika sehemu milioni za hewa. Zikiwa 50, kinalia baada ya dakika 60 hadi 90. Zikiwa 100, kati ya dakika 10 na 40. Zikifika 300, ndani ya dakika 3. Msikione kimekaa kimya dakika tano mkasema kimekufa.

Katika chumba cha kulala kifungwe usawa wa kichwa cha aliyelala, mbali na dirisha, kisifichwe na pazia. Kama kinawekwa kwenye chumba chenye moto, kikae mita 1 hadi 3 kutoka motoni. Nyumba zetu za mbao zina nyufa, na mbabula ya jirani inaweza kukuua wewe. Kila mlango wa mpangaji uwe na kitambuzi chake. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha. Kwenye veranda ni karibu mno.

Kitufe cha majaribio kinapima betri na mlio tu. Kihisio cha ndani kinachoka baada ya miaka 5 hadi 10 kufuatana na aina. Tarehe imeandikwa mgongoni.

Kikilia, tokeni wote, mhesabiane nje. Maziwa hayaondoi sumu hii, yanapoteza muda. Katika hewa safi nusu yake inatoka damuni kwa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni tupu ni kama saa moja na nusu. Mwambieni muuguzi waziwazi kwamba kulikuwa na makala, kwa sababu kile kipimo cha kidole kinadanganyika na kuonyesha oksijeni ya kutosha.

Uingereza, katika eneo la England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022 mwenye nyumba analazimika kuweka kitambuzi katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa kisichohamishika kinachochoma kuni, makala, mafuta au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia, na kukijaribu siku mpangaji anapoingia. Faini inafika pauni 5,000. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, anayeuza nyumba anahitaji hati ya zimamoto kwamba vitambuzi vipo na vinafanya kazi. Sisi tunaweza kuanza na mkataba wa nyumba: pale mnapoandika garanti, ongezeni mstari mmoja unaotaja kitambuzi, mwaka wake wa mwisho, na nani ananunua betri. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi ajaribu kitambuzi mbele ya muuzaji kabla ya kutia sahihi.