Kimdomo cha helmeti kinachovutika, na jua la barabara ya Mtumba

(Niliongea haya Nzuguni, Dodoma, mbele ya madereva wa bodaboda na mafundi wa ujenzi, nimeyaandika kama nilivyoyasema.)

Mbukwenyi jamani! Nashukuru mmekuja, najua saa hizi wengine mngekuwa kijiweni mnasubiri abiria na mafundi mmeomba ruhusa saiti, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye mada, kimdomo cha helmeti cha kukinga jua.

Nani hapa anapeleka abiria Mtumba, kule kwenye ofisi za serikali, asubuhi? Nyoosheni mikono. Haya, karibu nusu ya ukumbi. Sasa nyie ndo mtanielewa haraka, maana ukitoka mjini kwa barabara ya Morogoro unaelekea mashariki, jua liko mbele yako usoni kabisa, afu jioni unarudi mjini unaelekea magharibi na jua nalo limeshahamia huko huko unakokwenda. Unalipokea mara mbili kwa siku. Mwenzako anayeishi Ihumwa, huko huko upande wa Mtumba, akawa na kazi mjini, yeye jua linampiga kisogoni asubuhi na jioni, wala hajui kama kuna tatizo. Na muda wenyewe ndo ule ule wa watumishi kuwahi, ofisi zinafungua saa 1 na nusu, abiria anakuambia kaka kimbiza nimechelewa, na wewe mbele huoni kitu.

Huoni kitu kwa sababu gani? Wengi wanasema jua kali. Ni kweli ila tuangalie kwa karibu. Shika helmeti yako, geuza kioo chake kuelekea pale dirishani, kiangalie kwa kukiinamisha kidogo. Umeona ile mistari? Hiyo ni mikwaruzo ya vumbi la hapa kwetu, kila ukifuta kioo kikavu kwa mkono wa shati unasugua mchanga juu ya plastiki. Jua likiwa juu kichwani hiyo mistari haikusumbui, lakini likiwa chini mbele yako kila mkwaruzo unawaka, mwanga unatawanyika kwenye kioo chote, unapata kama ukungu mweupe mbele ya macho na nyuma ya huo ukungu kuna mtoto anavuka. Hata ndani ya jicho lenyewe mwanga mkali unatawanyika hivo hivo, na umri ukisogea inazidi.

Dawa ambayo wengi mnakimbilia ni kioo cheusi. Mi sikubaliani nacho, na nasema wazi. Kioo cheusi kinapunguza mwanga wa jua, sawa, lakini kinapunguza na mwanga wa yule mtoto, na wa shimo, na wa ng'ombe aliyesimama pembeni. Vyote vinashuka pamoja, kwa hiyo jua bado limemzidi mtoto kwa kiasi kile kile. Afu angalia jioni. Hapa jua linazama mnamo saa 12 na nusu, na huku kwetu giza haliji polepole, ndani ya kama nusu saa ni usiku. Wewe umetoka Mtumba na kioo cheusi, unafika Ipagala gizani ukiwa nacho bado usoni. Umoja wa Mataifa wana kanuni yao ya helmeti, Kanuni namba 22, mule kioo kikipitisha mwanga chini ya asilimia 80 lazima kiandikwe ni cha mchana tu. Sasa nionyeshe dereva wa boda anayebeba vioo viwili mfukoni akabadilishe njiani.

Ndo maana leo nimekuja na kitu kingine, hiki hapa, kimdomo cha mbele kama cha kapelo, ila hiki kinavutika kwenda mbele, kinarudi nyuma, na kinainama. Kimdomo hakigusi mwanga wa barabara, kinaziba jua peke yake. Na faida ambayo watu hawaioni haraka ni kwamba kinakitia kivuli na kioo pia, kwa hiyo ile mikwaruzo haiwaki tena. Kioo ni kile kile chakavu na unaona mbele.

Swali sasa ni kwa nini kivutike, si tungeweka kirefu tu tukamaliza? Ngoja tupige hesabu, ni rahisi, mtanifuata. Sisi tuko digrii kama 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua letu linapanda karibu wima, digrii 14 mpaka 15 kwa kila saa. Chukua kimdomo ambacho ukingo wake uko sentimita 10 mbele ya jicho na sentimita 5 juu ya usawa wa jicho, ndo vile vifupi mnavyoviona kwenye helmeti nyingi. Hicho kinaanza kukukinga jua likishafika kama digrii 26 na kitu. Jua limechomoza saa 12 na nusu, digrii 26 linazifikia karibu saa 2 na robo. Abiria wako ameshakaa ofisini anakunywa chai! Kimdomo hicho kinakukinga muda ambao huna shida.

Sasa kivute mpaka sentimita 15 na ukiinamishe ukingo ubaki sentimita 3 juu ya jicho. Hapo unapata digrii 11, yaani kuanzia saa 1 na robo uko kivulini. Shusha tena ukingo mpaka sentimita 2, ni kama upana wa kidole gumba, unapata digrii 7 na nusu hivi, na hiyo ni saa 1 kasoro au saa 1 kamili. Umeokoa zaidi ya saa nzima kwa sentimita 5 za plastiki na kuinamisha kidogo.

Hapo kwenye kidole gumba ndo mwisho, usishushe zaidi. Ile Kanuni 22 inataka dereva awe anaona juu angalau digrii 7 bila kizuizi, na pembeni digrii 105 kila upande, ukishusha zaidi ya hapo utaacha kuona taa za barabarani na lori lililosimama mbele. Maana yake, na hili nawaambia bila kuficha, ile nusu saa ya kwanza jua likishachomoza hakuna kimdomo duniani kitakachokusaidia. Hapo ni kupunguza mwendo, abiria alalamike.

Na kurudi nyuma je? Kinarudi kwa sababu ya upepo. Mnaujua upepo wa hapa kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10, unatoka kusini mashariki, na ukiwa unaenda Chamwino unakuja karibu usoni. Kimdomo kirefu ni bati la kudaka upepo, ukiinua kichwa kidogo kinakuvuta shingo nyuma. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo, mwendo ukizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne, kwa hiyo kitu ambacho hukisikii kwenye 40 kitakuchosha shingo kwenye 80. Kwa hiyo mjini, mwendo mdogo, jua liko chini, vuta. Umefika barabara ndefu na jua limepanda, rudisha. Na hii lazima iwezekane kwa mkono mmoja wenye glovu, pikipiki ikiwa imesimama, bila kuvua helmeti, ndo maana hivi vitufe vya pembeni nimeviweka vikubwa namna hii.

Hata waliotembea mwezini walikuwa na kitu cha jamii hii. Zile helmeti za Apollo zilikuwa na kioo cha nje kilichopakwa dhahabu kwa ajili ya jua, na bado waliwekewa vikinga vya kushusha na kupandisha kwa mkono, maana kule hakuna hewa na jua linakuja moja kwa moja. Watu waliokuwa na pesa zote hizo walijua kioo peke yake hakitoshi.

Haya, sasa sehemu ambayo naomba simu ziwekwe chini.

Kuna helmeti ililetwa kwangu nikaambiwa hebu angalia ubunifu wa fundi. Kimdomo cha bati, kizuri kabisa, kimekunjwa ukingo, kimepakwa rangi nyekundu. Nikaigeuza ndani. Fundi alikuwa ametoboa gamba kwa drili, akapiga ribiti mbili, na vichwa vya zile ribiti vimepenya lile povu gumu jeupe, vimekuja kukaa sawa na paji la uso. Niliingiza kidole nikavigusa, vina ncha. Huyu mtu akianguka kile alichokivaa kimkinge ndo kinampiga misumari miwili.

Helmeti inafanyaje kazi? Gamba la nje linatawanya pigo na linateleza, povu la ndani linabonyea, likishabonyea mara moja limeisha kazi. Daktari mmoja wa ubongo Uingereza, Hugh Cairns, alimhudumia Lawrence, yule mwanajeshi maarufu aliyekufa kwa ajali ya pikipiki mwaka 1935, akaanza kufuatilia vifo vya waendesha pikipiki na mwaka 1941 akachapisha kazi yake, huko ndo hoja ya helmeti ilikopatia nguvu. Tafiti zilizojumlishwa baadae zinaonyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia kama 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia kama 69. Faida yote hiyo inategemea gamba zima na la duara. Ukiweka kitu kigumu kimechomoza mbele, ukianguka kinang'ang'ania lami, kichwa kinazungushwa ghafla, na ubongo na shingo haviupendi mzunguko huo hata kidogo.

Kwa hiyo kimdomo changu kimetengenezwa kiachie. Angalieni, navuta kwa nguvu... kimetoka. Hakuna bolti, hakuna tundu hata moja kwenye gamba. Kinashikwa na mkanda wa mpira unaozunguka helmeti na velkro pembeni, inashika upepo ila haishiki lami. Wale wa mashindano ya pikipiki za vumbi wanatumia skrubu za plastiki ili zikatike, wazo ni lile lile. Ukiona fundi anachukua drili aiguse helmeti yako, inyang'anye. Na msioshe helmeti kwa petroli au thina, inakula plastiki kimya kimya, kwa macho huoni kitu.

Malighafi ni dumu la lita 20, haya ya njano ya mafuta ya kula. Plastiki yake inapinda, haivunjiki ikatoa vipande vya kuchoma. Vipande viwili, cha juu kina mfereji, cha chini kinaingia na kutoka kama droo, na nimekata meno madogo ili kikae pale unapokiacha. Chini yake nimepaka rangi nyeusi isiyong'aa, hili msilipuuze, ukiacha njano inarudisha mwanga wa lami machoni. Jua linachosha plastiki, kwa hiyo ukiona imeanza kupauka na kukatika ukiikunja, tupa, kata nyingine.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni vumbi. Ya kwanza niliiachia nafasi ndogo kwenye mfereji, ilikuwa inateleza vizuri mezani, barabara ya Hombolo ikagoma. Mtu akanishauri weka grisi. Grisi na vumbi la Dodoma ni sandipepa, usiweke. Achia nafasi kubwa kidogo, kiwe kinacheza cheza, mchanga upite, jioni mwagia maji.

Kuna mama ameuliza kuhusu abiria. Ahsante mama. Abiria naye avae, ila akikaa nyuma awe amekirudisha chote, la sivyo dereva akishika breki kile kimdomo kinamgonga kisogoni. Na naomba kwa namna ya pekee mkibeba ndugu zetu wenye ualbino muwe na helmeti yenye kimdomo. Takwimu inayotajwa mara nyingi kwa nchi yetu ni mtu 1 kwa kila 1,400 hivi. Wengi macho yao hayavumilii mwanga na ngozi inaungua, wanatembea na kofia pana, akipanda boda anaambiwa vua kofia vaa helmeti, anakubali usalama wa kichwa anapoteza kivuli chote. Huyo mwambie akivute mbele, wewe ndo usogee kwenye tenki kidogo apate nafasi.

Mafundi wa saiti, nyie kwenye kofia ngumu ni hivo hivo, usitoboe, tumia mkanda. Tofauti yenu moja kubwa: nyie mnaangalia juu. Kreni ikianza kunyanyua, au mwenzako anakupitishia tofali ghorofani, rudisha kimdomo kwanza ndo uingie eneo hilo, maana kikiwa mbele kinakuficha kile kinachokujia kichwani. Msimamizi aliweke kwenye maelekezo ya asubuhi.

Basi, leteni helmeti zenu hapa mbele, tutapima kwa boksi kwanza kabla ya kukata plastiki, kila mtu ajue ukingo wake unaishia wapi kwa jicho lake mwenyewe. Rula ninayo, boksi yapo ya kutosha, mikasi ni miwili tu kwa hiyo mtaazimana.