Ngoma Kwanza, Kamera Baadaye: Kutengeneza Filamu Fupi ya Majaribio na Kundi Jumuishi

Wasanii wenzangu, watayarishaji, nanyi wakalimani mliosimama hapa mbele, hamjambo.

Naanza na swali ambalo makundi mengi huliacha mpaka siku ya kupiga picha: msanii atajuaje kwamba wakati wa kuanza umefika? Chukua kundi la watu wanane. Wawili ni viziwi, mmoja haoni, mmoja yuko kwenye kiti cha magurudumu, mmoja ana ualbino, mmoja ana ulemavu wa akili, wawili hawana ulemavu. Mwongozaji akipaza sauti "Haya!", viziwi huanza baada ya kuwaona wenzao wakianza. Ni nusu sekunde tu, lakini hujirudia katika kila shoti, na mtazamaji ambaye hajui kilichotokea atadhani wasanii hao ni wazito. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ishara ya kuanza iamuliwe kabla ya hadithi, kabla hata ya kukodi kamera. Katika filamu ya majaribio, ile isiyofungwa na kanuni za kawaida za usimulizi, ishara hiyo inaweza kugeuka kuwa filamu yenyewe.

Hapa Uganda hatuhitaji kutafuta mbali, ngoma tunazo. Asiyeona husikia pigo, kiziwi hulihisi miguuni. Ila kumbi zetu nyingi zina sakafu ya saruji, na saruji iliyomwagwa juu ya ardhi haitetemeki kwa pigo la ngoma. Basi jengeni jukwaa la chini. Plaiwudi nne za futi 8 kwa 4, unene milimita 18, zikipangwa mbili mbili hutoa eneo la takriban mita 2.4 kwa 4.9. Chini yake lazeni bapa mbao za inchi 2 kwa 4, kila baada ya sentimita 40. Fungeni kwa skrubu zilizozama ndani ya mbao. Misumari hulegea kwa mtetemo, huanza kulia kila mtu akikanyaga, na vichwa vyake huinuka mahali ambapo wachezaji wako peku. Ngoma yenyewe ikae juu ya jukwaa.

Kamera isikae hapo. Stendi ikiwekwa juu ya plaiwudi, kila pigo litaonekana kama tetemeko kwenye picha. Iwekeni kwenye saruji, pembeni. Maiki nayo itundikwe kwenye stendi yake nje ya jukwaa, la sivyo mtarekodi mngurumo wa mbao badala ya ngoma.

Pembezoni mwa jukwaa fungeni ubao mwembamba wa sentimita 5 kwenda juu. Huzuia gurudumu lisidondoke, na asiyeona huugusa kwa kisigino akajua mwisho wa eneo. Acheni pengo la mita moja kwa ajili ya njia ya kupandia. Jukwaa hili lina kimo cha takriban sentimita 7, na mteremko unaofaa ni sentimita 1 kwa kila 12 za urefu, kwa hiyo njia hiyo iwe na urefu wa sentimita 84 au zaidi. Nimeona fundi akiikata nusu ili kuokoa ubao. Matokeo yake msanii husukumwa kila anapopanda, na hamu ya kupanda huisha.

Pigo moja halitoshi, maana kiziwi hawezi kulitofautisha na mguu wa mtu aliyeruka. Tumieni mapigo matatu ya taratibu, kisha kimya. Kundi linaanza ndani ya kile kimya. Mtu anayeshtushwa na kelele, apewe yeye fimbo ya ngoma. Kishindo unachokitoa mwenyewe hakikushtui sana. Na mkono wa mpigaji ukionekana kwenye fremu, hamtahitaji kibao cha kulinganisha picha na sauti: pigo lenyewe lina picha yake na sauti yake.

Sasa kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo pigeni fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, taa zisipepese. Panapokuwa na mtu anayeongea kwa lugha ya ishara, jaribuni fremu 50 na shata ya 1/100: vidole hutoka vikiwa wazi, na taa bado hazipepesi. Fremu ianzie kiunoni na iache nafasi juu ya kichwa na pembeni mwa viwiko. Acheni pia nafasi chini, kwa sababu maandishi yatakuja kukaa hapo, na maandishi yanayofunika mikono ni sawa na kumziba mtu mdomo.

Hapa ndipo wapenda majaribio hukosea. Athari zinazofurahisha kwenye dansi zinaweza kuvunja lugha. Ukigeuza shoti irudi nyuma, ishara hupoteza maana au hubeba nyingine. Ukipunguza kasi hadi nusu, kitenzi kilichobebwa na kasi ya mkono hubadilika. Ukilaza picha za watu wawili moja juu ya nyingine, ni wasemaji wawili kwa mpigo. Kugeuza picha kama kioo hakuna madhara makubwa. Msemaji huonekana tu anatumia mkono wa kushoto. Sisemi msifanye. Fanyeni mkijua, na msanii kiziwi akiwa ameketi pembeni ya mhariri. Kukata shoti mkono ukiwa hewani katikati ya sentensi ni sawa na kukata sauti katikati ya neno, na mhariri anayesikia hatalitambua peke yake.

Jua la ikweta nalo lina ukaidi wake. Adhuhuri huwa utosini, macho yanaingia gizani, na uso ni sehemu ya sarufi ya lugha ya ishara. Pigeni picha za nje kati ya saa 1:30 na saa 4 asubuhi, kisha kuanzia saa 10 jioni. Ratiba hiyo humfaa pia mwenye ualbino, pamoja na kofia, kivuli na mafuta ya kukinga jua kati ya shoti. Akisimama karibu na mtu mweusi tii, pimeni mwanga usoni pa mwenye ualbino, kisha muinue mwanga upande wa mwenzake kwa shuka jeupe. Shuka lisielekezwe kwa mwenye ualbino. Mwanga mkali humuumiza macho. Ndani, msitumie taa za kumweka zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Kuna watazamaji wenye kifafa.

Kwa filamu ya dakika 8 yenye kubuni papo hapo, hesabuni dakika 160 za picha. Kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde, hizo ni gigabaiti 120, na nakala mbili ni 240. Kadi isifutwe kabla nakala ya pili haijafunguliwa na kutazamwa.

Wakalimani wawe wawili, wakipokezana kila dakika 20 au 30. Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha wakalimani, na Katiba ya 1995 inataja ukuzaji wa lugha ya ishara, kwa hiyo mkiandika bajeti msiwaweke kwenye "mengineyo". Usafiri nao: kiti cha magurudumu hakipandi boda, na kwenye taksi ya abiria 14 kondakta atadai nauli ya viti viwili. Kodini gari. Ridhaa iombwe kwa msanii mwenyewe, hata kama mzazi yupo, na ya kiziwi irekodiwe kwa video.

Maandishi ya chini ya skrini yasizidi mistari miwili, herufi 42 kila mstari. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo yaacheni sekunde moja zaidi ya mnavyodhani. Andikeni na sauti: ngoma inapunguza kasi, mvua juu ya mabati. Maelezo ya sauti kwa wasioona, yaani msimulizi anayeeleza kinachoonekana, yanahitaji mapengo kati ya maneno, basi mhariri ayaache tangu toleo la kwanza. Yakitafutwa mwishoni hayapatikani. Kabla ya kufunga uhariri, waonyesheni filamu kiziwi mmoja na asiyeona mmoja ambao hawakushiriki, kila mmoja peke yake, kisha mwambieni asimulie alichokipata.

Maswali sasa. Mkalimani amalize kwanza, ndipo mnyanyue mikono.