Hukumu Huandikiwa Aliyeshindwa: Jaji, Katiba na Macho ya Watu

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa majaji wastaafu, mawakili wenzangu, wanafunzi wa sheria mliojaza viti vya nyuma na ninyi mliosimama mlangoni, nawasalimu. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie namna jaji anavyopaswa kuisoma Katiba huku nchi nzima imemkodolea macho. Nitaanza na mzee mmoja.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado wakili kijana, nilimtetea mzee mmoja katika shauri la haki zake za kikatiba. Mahakama siitaji, na jaji simtaji. Siku ya hukumu mzee alikuja na kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, akaketi benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza kwa zaidi ya saa nzima. Mzee alimtazama jaji usoni muda wote huo, kama mtu anayesikiliza wosia. Jaji alipoinuka, sote tukasimama, tukainama, naye akatoka. Mzee akaninong'oneza: "Mwanangu, tumeshinda?"

Nikamwambia tumeshindwa. Akauliza kwa nini. Tukatoka koridoni nikamweleza, labda dakika kumi hivi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hayo uliyoniambia ni maneno yake au ni yako?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Yalikuwa maneno yangu. Mzee alikuwa amenyimwa alichokidai, na aliyemnyima alikuwa ameshaingia ofisini kwake bila mzee kusikia sababu hata moja kwa lugha anayoielewa. Yote nitakayosema leo yanatoka kwenye swali lile.

Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili. Ile ya Kiingereza ni tafsiri yake. Kila mwanasheria humu ndani analijua hilo, lakini tumezoea kufanya kazi kana kwamba hatulijui. Wakili ananukuu Kiingereza, wa upande wa pili anamjibu kwa Kiingereza, jaji anaamua kwa Kiingereza, na maneno yaliyopitishwa na Bunge yanabaki kabatini.

Mimi nasema jaji aanze na maneno yenyewe. Tazameni Ibara ya 13(1): "Watu wote ni sawa mbele ya sheria, na wanayo haki, bila ya ubaguzi wowote, kulindwa na kupata haki sawa mbele ya sheria." Neno haki limekuja mara mbili katika sentensi moja. La kwanza ni kile mtu anachostahili kudai. La pili ni kile anachotakiwa kupewa akifika mbele ya sheria. Lugha yetu haikuvitenganisha vitu hivyo viwili. Mama wa Kariakoo akisema "nataka haki yangu", anadai kitu chake na anadai kutendewa sawasawa, kwa neno lilelile. Jaji anayeisoma ibara hii kwa Kiswahili hawezi kusema kwa wepesi kwamba haki ipo lakini mlango wa kuidai umefungwa.

Au chukueni Ibara ya 107A, ibara ndogo ya pili, pale inapoziagiza mahakama kutenda haki "bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi". Nimewahi kumsikia wakili akiinukuu ili asamehewe kila kosa la utaratibu, na nimewahi kumwona jaji akilitupa shauri zito la raia kwa sababu ya kosa dogo kwenye hati ya kiapo, kana kwamba ibara hiyo haipo. Wa kwanza ameruka maneno mawili, "kupita kiasi". Wa pili ameruka ibara nzima. Katiba haikuufuta utaratibu, imeuwekea kipimo, na kazi ya jaji ni kukishika kipimo hicho na kutuonyesha amekishikaje.

Sasa kuna wanaosema kwamba kung'ang'ania maneno ni kuidumaza Katiba. Hapa ndipo ninapomkumbuka Jaji Mkuu Barnabas Samatta na hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Ndyanabo, mwaka 2002. Sheria ya uchaguzi ilikuwa inamtaka anayepinga matokeo ya ubunge aweke mahakamani shilingi 5,000,000 kama dhamana ya gharama, la sivyo shauri lake halisikilizwi. Fikirini mpiga kura wa kijijini mwaka ule, milioni tano angezitoa wapi? Mahakama ikasema Katiba ni chombo hai, kina roho na dhamiri yake, kisitafsiriwe kwa roho finyu. Sharti lile likaangushwa.

Maneno hayo ya chombo hai wanafunzi mnayapenda sana, nanyi mna haki ya kuyapenda. Ila someni hukumu yote. Humo humo mahakama ilikumbusha kwamba sheria iliyotungwa na Bunge huchukuliwa kuwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwamba haki za msingi zina mipaka. Kitu hai kina mifupa pia. Jaji hapewi ruhusa ya kuweka matakwa yake mdomoni mwa Katiba, na akiona sheria imekosea, Ibara ya 30(5) inamruhusu kuipa Serikali muda wa kurekebisha badala ya kuifuta papo hapo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati umri wa kuoa wa kijana wa kiume ulikuwa 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba huo ni ubaguzi, ikatoa mwaka mmoja sheria irekebishwe, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019.

Nije kwenye macho ya watu. Hapa ndipo penye uzito.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba adhabu ya kifo ni kinyume na Katiba. Alikuwa jaji asiyeogopa kusimama peke yake. Ndiye aliyeamua mwaka 1990, akiwa Mwanza, kwamba mila iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake haiwezi kusimama mbele ya tamko la haki lililoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Lakini kwenye adhabu ya kifo, Serikali ilikata rufani, na Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikampindua. Isomeni hukumu hiyo kwa utulivu. Mahakama ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu. Ibara ya 13(6)(e) inapiga marufuku mtu "kuadhibiwa kinyama", na majaji hawakulikwepa hilo. Kilichoiokoa adhabu ile ni Ibara ya 30(2), inayoruhusu mipaka kwa maslahi ya umma. Na swali kama kweli adhabu ya kifo inahitajika ili kulinda maisha ya watu, mahakama ilisema jamii ndiyo inayoamua.

Miezi mitano baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikaa na swali hilohilo. Waliisoma hukumu yetu. Rais wa mahakama ile, Arthur Chaskalson, akaandika kwamba maoni ya umma yanaweza kuwa na uzito fulani, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya wajibu wa mahakama wa kuitafsiri Katiba bila woga wala upendeleo. Wakaifuta adhabu ya kifo, wakijua kabisa kwamba huenda wananchi wengi hawapendi.

Kwa heshima yote kwa majaji wetu, mimi niko na wale wa Johannesburg. Si kwa sababu ya matokeo tu. Ukisema jamii ndiyo inayoamua, lazima useme imeamua lini, kwa mdomo wa nani, na ushahidi uko wapi. Na je, Jaji Mwalusanya angeupigisha ukoo kura kuhusu shamba la mama yule, mnadhani angebaki na haki ya kuuza? Tamko la haki liliwekwa kwa ajili ya mtu anayesimama peke yake mbele ya wengi.

Lakini naomba nisieleweke vibaya, kwamba jaji ajifungie asisikie kitu. Jamii ina mlango wake wa kuingilia mahakamani. Inaingia kwa viapo, kwa mashahidi, kwa wataalamu, kwa marafiki wa mahakama, yaani watu wasio na upande katika shauri wanaoisaidia mahakama kwa hoja. Chukueni safari ndefu ya mgombea binafsi, yaani haki ya mtu kugombea uchaguzi bila kupitia chama. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira mwaka 1994. Bunge likabadilisha Katiba kuufunga mlango ule. Akarudi, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Rufani ilipofika juu, walikaa majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakawaalika marafiki wa mahakama, wakiwamo Profesa Jwani Mwaikusa na Profesa Palamagamba Kabudi, wabishane mbele ya kila mtu. Juni 2010 wakasema jambo hilo ni la Bunge, si la mahakama.

Sikubaliani na hukumu hiyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha nayo, Juni 2013, iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za Mtikila. Wakati huo Jaji Ramadhani alikuwa mmoja wa majaji wa Arusha, lakini hakukaa kwenye shauri lile, kwa sababu itifaki ya mahakama ile inamzuia jaji kusikiliza shauri la nchi yake. Alikaa pembeni, na wenzake wakafikia uamuzi tofauti na wake. Ninachotaka mkione ni kwamba ninaweza kuipinga hukumu ya 2010 ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu majaji wale walieleza walikopita. Hawakuandika kwa ajili ya kupigiwa makofi. Mtikila alijua ameshindwa kwa hoja gani, akaibeba hoja hiyo mpaka Arusha.

Ndiyo maana nina wasiwasi na mtindo wa kutamka uamuzi leo na kuahidi sababu baadaye. Naelewa pale muda unapobana. Jirani zetu Kenya, Katiba yao inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu kuamua shauri la uchaguzi wa rais. Tarehe 1 Septemba 2017 waliufuta uchaguzi mbele ya kamera, dunia nzima ikitazama, na sababu kamili zikasomwa tarehe 20. Kwa siku zile kumi na tisa majaji walitukanwa na kutishwa hadi Jaji Mkuu David Maraga akalazimika kujitokeza hadharani kulalamika. Ule ukimya wa karibu wiki tatu kila mtu aliujaza kwa hadithi yake. Walioshindwa walijua wameshindwa, na hawakuwa na karatasi ya kubishana nayo.

Hapa Dar es Salaam shinikizo mara nyingi halina kamera. Jaji anakwenda harusini Sinza, sahani ya pilau haijafika mezani, mtu anamsogelea: "Mheshimiwa, ile kesi vipi?" Anakwenda msibani, shemeji anamvuta pembeni. Asubuhi mtoto wake anamwonyesha kwenye simu anavyosifiwa. Nawaambia ndugu zangu, sifa ni hatari kuliko matusi. Anayetukanwa hujihami. Anayesifiwa huanza, bila kujijua, kutafuta sentensi itakayonukuliwa kesho. Nikisoma hukumu nikakuta aya tamu sana, inayozungumza na taifa zima isipokuwa watu wawili waliokuwa na shauri, hujua mwandishi alikuwa anamtazama nani.

Basi jaji ajibu wapi, akisemwa vibaya? Si redioni, si kwenye mahojiano. Alishajibu ndani ya hukumu, au hakujibu. Na ili hukumu ijibu, ni lazima isomeke. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hukumu zinawekwa kwenye tovuti ya TanzLII ambako yeyote mwenye simu anazipata bure. Bado mashauri makubwa ya Katiba yanaandikwa kwa Kiingereza. Kama hoja ni nzito na vitabu tulivyosomea ni vya Kiingereza, haya, andikeni hivyo kwa sasa. Lakini wekeni mbele muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, uliosainiwa na majaji wenyewe, unaosema: huyu alidai hiki, hoja yake yenye nguvu kuliko zote ilikuwa hii, nasi hatukuikubali kwa sababu hii. Isisemwe hoja yake dhaifu. Isemwe ile iliyowasumbua.

Ninyi vijana mtakaokuwa wasaidizi wa majaji, rasimu ya kwanza ya muhtasari huo huenda ikawa kazi yenu. Kabla ya kuipeleka, msomee mtu ambaye si mwanasheria.

Yule mzee nilimtafsiria hukumu yake. Nilikaa siku tatu, ikatoka kurasa tisa za mwandiko wa mkono, nikampelekea nyumbani kwake Mbagala. Mjukuu wake alitusomea tukiwa tumekaa kwenye mkeka barazani. Mara mbili mzee alimsimamisha arudie. Ukurasa wa sita jaji alikuwa ameeleza dai la mzee, kwa usahihi kuliko hata mimi nilivyolieleza mahakamani, kabla ya kulikataa. Mzee akasema, "Kumbe alinisikia." Kisha akamwambia mjukuu aendelee. Walipomaliza, alinieleza ni wapi jaji amekosea, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi kwa sehemu. Akazikunja karatasi, akaziweka kwenye mkoba mmoja na hati ya kiwanja chake.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Niko tayari kwa maswali.