Nilinunua nyumba Ohio jina likiwa bovu. Nawasimulia nikiwa Ngamiani

Assalamu alaykum watu wangu, hamjambo. Leo siko ndani ya gari, wala siko jikoni kwangu Columbus, Ohio, kule Marekani, na lile koti mnalolicheka. Niko Tanga! Niko barazani kwa mama, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, kaskazi inavuma. Mkisikia honi, hiyo ni bajaji. Mkisikia kelele, hao ni watoto wa jirani wameiona simu imekaa kwenye kijiti, kila mmoja anataka aonekane Marekani. Haya, tokeni hapo, hela ya ashkrimu baadaye.

Sasa. Tangu nishuke stendi ya Kange nina wiki mbili, na swali ni lile lile. Shemeji kauliza, fundi cherehani kauliza, yule mama wa kachori hapo kona naye kauliza huku ananifungia kwenye gazeti: "Wewe si ndiye uliyekuwa unalia madeni? Nyumba umeipata wapi?" Nikaona niwajibu wote kwa pamoja, maana nikimjibu mmoja mmoja nitarudi kazini sijaonja hata pweza.

Ni kweli nililia. Na nyumba ni kweli nimenunua. Tena nimenunua kwa mkopo, kwa hiyo anayesema "kajenga" asiseme hivyo. Nina deni la miaka thelathini, tena nililipata jina langu la kukopa, ile krediti, likiwa bovu.

Mama aliponiuliza hiyo krediti ya Wamarekani ni kitu gani, nikamwambia ni daftari la dukani. Mangi anakuandika: sukari kilo moja, sabuni, utalipa Ijumaa. Ukilipa Ijumaa, mwezi ujao anakukopesha na mafuta. Usipolipa, anakuangalia hivi. Tofauti ni kwamba kule daftari lako linasomwa na kila mwenye duka nchi nzima. Linashikwa na kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, halafu linageuzwa kuwa namba, kuanzia 300 mpaka 850. Unataka simu, wanatazama namba. Unataka kupanga chumba, wanatazama namba. Yangu ilikuwa 541.

541 naifananisha na yule mtu ambaye akitokea, mangi anazima taa.

Niliipataje? Sikucheza kamari, sikununua mikoba. Nilimdhamini mtu gari. Mtu wa kwetu, tumekula naye idi, ana watoto, anahitaji gari aende kazini. Nikaweka sahihi. Yeye akahamia jimbo jingine na gari lake, simu ikawa haipatikani, na mwenye mkopo kwenye karatasi ni nani? Mimi. Malipo yalichelewa siku thelathini, sitini, tisini, na mimi sina habari, barua zinaenda anwani ya zamani. Nilikuja kugundua siku nimeomba kadi ya duka la samani nikakataliwa mbele za watu. Kuchelewa kwa namna hiyo kunakaa kwenye daftari miaka saba. Saba! Makali yake yanapungua kadiri siku zinavyokwenda, lakini kufutika hakufutiki.

Namtaja? Simtaji. Tuendelee.

Nikiwa na hiyo 541 yangu, nikaanza kuota nyumba ya kupangisha. Mnajua mtu ukiwa umebanwa ndipo unapoota vikubwa. Na kule ukitafuta tu maneno "nyumba" na "krediti mbaya" kwenye simu, basi umekwisha, wanakuandama kama nzi. Akanipigia kijana mmoja, sauti tamu. Ananiambia, dada, sisi hatutazami namba, tunatazama nyumba yenyewe. Unanunua, unakarabati, unapangisha. Nikamuuliza riba. Asilimia 12. Na ada ya asilimia tatu ya mkopo, inalipwa mwanzoni. Na muda? Mwaka mmoja, deni lote liwe limerudi.

Watu wa Tanga, hii kitu mnaijua kwa jina. Kausha damu. Tofauti yake na ile ya hapa ni kwamba yule kavaa tai. Fundi mwenye hela na uzoefu anaweza kuutumia mkopo ule akauza nyumba kwa miezi sita akaondoka na faida, sikatai. Mimi msaidizi wa wagonjwa, nafanya zamu za usiku, sijawahi hata kupaka chokaa. Ningeimaliza lini nyumba hiyo?

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Kigogo tunayefanya naye kazi. Kaniambia: shoga, kwa namba yako mkopo wa nafuu upo, ila haupo kwa nyumba ya biashara. Upo kwa nyumba unayolala. Basi lala humo humo kwenye biashara.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, tulizeni masikio. Kule kuna chombo cha serikali kinaitwa FHA, kipo tangu 1934. Chenyewe hakikopeshi. Kinaidhamini benki: mtu huyu akishindwa, sisi tunafidia. Kwa hiyo benki inakubali watu kama mimi. Sheria yao ni kwamba ukiwa na alama 580 kwenda juu, kianzio, yaani hela unayotoa mwenyewe mwanzoni, ni asilimia 3.5 ya bei. Ukiwa kati ya 500 na 579, kianzio ni asilimia 10. Chini ya 500, rudi nyumbani. Na nyumba yenyewe inaweza kuwa na makazi mpaka manne, ilimradi wewe mwenyewe uhamie ndani ya siku sitini na ukae angalau mwaka.

Fanyeni hesabu na mimi. Nyumba ya dola 200,000. Kwa namba yangu ya 541, kianzio ni dola 20,000. Nikifika 580, kianzio ni dola 7,000. Alama thelathini na tisa, dola 13,000! Sijawahi kuona kitu chenye bei kama ile namba.

Basi nikaacha kutafuta nyumba, nikatafuta alama. Miezi kumi na minne. Kwanza nikaliuza lile gari, maana nililipata hatimaye, na pengo kati ya bei yake na deni nikalilipa mimi kidogo kidogo, huku nimeuma meno. Kadi yangu ya mkopo ilikuwa imejaa mpaka kwenye ukingo, nikaishusha mpaka ikawa chini ya theluthi ya kikomo. Nikachukua kadi nyingine ile ya kuweka amana, unawapa dola 300 zako, wao wanakukopesha hizo hizo 300, kichekesho lakini inaandikwa daftarini. Halafu nikaliomba daftari lenyewe nilisome, ni bure, na humo nikakuta maajabu. Jina langu hili refu la kipwani limeandikwa namna tatu, na deni moja la simu ni la mwanamke mwingine kabisa. Nikaandika barua ya kupinga. Sheria inawapa siku thelathini wachunguze. Likaondolewa. Ukienda ughaibuni, chagua tahajia moja ya jina lako uishikilie kama kipande cha kitambulisho.

Nikafika 588. Nikaenda benki ya kwanza nimevaa vizuri. Wakaniambia sisi tunataka 620. Nikasema, FHA wamesema 580. Wakasema, hao ni FHA. Maana benki inaruhusiwa kuweka masharti yake juu ya yale ya serikali, na hili halikuwemo kwenye video hata moja niliyotazama. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu wakakubali, ila walinichambua kama dagaa.

Sasa sikilizeni kisa cha upatu. Kianzio changu nusu kilitoka kwenye mchezo wetu, tuko wanawake kumi na wawili, Watanzania na Wakenya, kila mwezi tunampa mmoja. Zamu yangu ikafika, dola 3,600 zikaingia benki kwa mpigo. Yule mchambuzi wa mikopo akaziona. Zimetoka wapi? Nikaeleza. Hakuelewa. Akadhani ni mkopo wa siri, maana huruhusiwi kukopa kianzio kwa mtu bila kusema. Nikadhani nyumba imekwenda na maji. Kumbe kitabu cha sheria cha FHA chenyewe kinautambua mchezo! Wameuandika humo, akiba za watu binafsi wanaochangishana, ila wanataka ushahidi: daftari, stakabadhi, nani alitoa, lini. Na kijumbe wetu, Mungu amzidishie, ni mwalimu mstaafu kutoka Muheza, daftari lake limepigwa mistari kwa rula, kila mwezi sahihi kumi na mbili. Tulilitafsiri ukurasa kwa ukurasa. Kuna mahali ameandika "Mama Zawadi amechelewa, kasingizia mvua", nalo tukalitafsiri.

Hivyo ndivyo nilivyopata nyumba. Kongwe, makazi mawili, mlango wangu chini na mlango wa mpangaji juu. Mthamini wa FHA alikataa kupitisha mpaka mwenye nyumba akwangue rangi iliyobanduka madirishani, kwa sababu ya sumu ya risasi kwenye rangi za kabla ya 1978. Na mkaguzi niliyemlipa mwenyewe akaniandikia kwamba hita ina miaka kumi na tisa. Hilo nililisoma nikapita.

Benki ilipohesabu kipato changu iliongeza robo tatu ya kodi ya mpangaji, na hiyo ndiyo iliyonivusha. Mpangaji analipa dola 1,150. Mkopo pamoja na kodi ya jengo na bima ni kama 1,800. Kwa hiyo mimi nalala kwa 650, na zamani nilikuwa nalipa 1,100 kwa chumba ambacho jirani akipiga chafya namwambia "yarhamukallah".

Lakini si bure. Riba yangu ni asilimia saba na kidogo. Juu yake kuna bima ya FHA, asilimia 1.75 ya mkopo inaongezwa mwanzoni, halafu asilimia 0.55 kwa mwaka, na ukiwa umeweka kianzio kidogo kama changu haikomi mpaka ulipe deni lote au ubadilishe mkopo. Hiyo ndiyo bei ya jina bovu. Na tangu Mei 2025 mlango huu wa FHA ni wa raia na wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mwenye viza ya masomo au ya kazi, huo haupo tena.

Mama aliniuliza, "Na riba, mwanangu?" Sikumjibu papo hapo. Kule kuna kampuni zinazonunua na wewe kwa ushirika, unailipa sehemu yao polepole. Niliuliza, wakataka alama na kianzio nisichokuwa nacho. Nimechagua nilichochagua, siwahalalishii. Mama hakusema neno, alinyanyuka akaenda kugeuza mkate.

Kaka yangu ndiye aliyesema sana. Ana kiwanja Mwahako, anataka nikope kwenye nyumba ya Ohio tujenge fremu za duka, maana bomba la mafuta linakuja Chongoleani, kilomita 1,443 kutoka Uganda, na madalali wa hapa wakilitaja bomba hilo bei inapanda wakati mnaongea. Nikamwambia, kaka, nyumba niliyoinunua kwa asilimia 3.5 haina cha kukopea, yote ni ya benki. Akakasirika. Nikamwambia twende basi benki ya hapa tuulizie.

Tukaenda. Wakataka hati. Yeye ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inamtosha yeye na jirani yake, benki haiwezi kuiwekea rehani. Mpaka kiwanja kipimwe na hati itoke. Na mikopo ya nyumba hapa kwetu riba imekuwa ikicheza kati ya asilimia 13 na 19. Halafu yule binti wa benki akamwambia kaka angoje, akafungua kompyuta. Maana hata hapa daftari lipo, msijidanganye. Benki Kuu imezipa leseni kampuni za kulishika, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Mngemsikia kaka yangu, mtu mzima na kofia yake ya kito: "Shilingi 38,000? Ya laini gani?" Ya laini aliyoitupa miaka minne nyuma. Alikopa kwenye simu, akabadilisha laini, akadhani deni nalo limetupwa.

Amelipa siku ile ile. Sasa anawasumbua wapimaji wa jiji kila asubuhi, amekuwa rafiki yao.

Ila wale wa programu za kukopesha wanaowapigia shangazi zenu na kuwaaibisha, hao ni habari nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla hujabonyeza, uliza leseni.

Ngoja. Ngoja kwanza, Ohio inaita. Kule saa nne asubuhi. Haloo... Ndiyo... Tangu saa ngapi?

Hita imezima. Nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri na mpangaji wangu ana mtoto mchanga. Mama, nifunikie chakula! Jamani nakata, nimtafute fundi wa Columbus nikiwa barabara ya kumi na mbili.