Nani Anayebisha Hodi? Poti za Programu za Bakapu

MWANAIDI: Karibu msikilizaji, tupo hewani kutoka Dar es Salaam. Leo tunaongea na wewe fundi unayeambiwa "faiawoli tumeshafungua", yaani kile kizuizi cha mtandao kinaruhusu kupita, lakini ukifika asubuhi unakuta bakapu ya usiku, ile nakala ya akiba ya data, imegoma. Kaka Baraka, tuanze na namba zenyewe za poti.

BARAKA: Asante dada Mwanaidi. Poti ni namba kuanzia 0 hadi 65535. Anwani ya IP inakufikisha kwenye jengo, tuseme pale Kariakoo. Poti inakuonyesha fremu ya kuingia. Orodha ya namba hizo inatunzwa na IANA, chombo kinachoratibu namba za intaneti duniani. Zilizo chini ya 1024 ni za huduma zinazojulikana, mfano SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, kwenye 22. Kuanzia 1024 hadi 49151 zinasajiliwa kwa programu mbalimbali, na zinazobaki juu ni za matumizi ya muda.

MWANAIDI: Na za bakapu ziko wapi?

BARAKA: Nyingi ziko kwenye kundi la kati. Programu ya Proxmox Backup Server inasikiliza, yaani inasubiri hodi, kwenye 8007. Bacula ina tatu: 9101, 9102 na 9103. Rsync, programu ya kunakili mafaili, ikijitegemea inatumia 873, ila wengi wanaipitisha ndani ya SSH, kwa hiyo 22 inatosha. Lakini kukariri namba hakukusaidii sana, maana zipo kwenye mwongozo wa kila programu. Kinachosumbua watu ni kujua nani anayebisha hodi kwa nani.

MWANAIDI: Hapo tupe mfano wa Bacula, maana ni ya bure na watu wanaitumia. Makao makuu yako Posta, tawi liko Mbagala.

BARAKA: Sawa. Bacula imegawanyika sehemu tatu. Director ndiyo msimamizi, inasikiliza 9101. Kila kompyuta yenye data inawekewa File Daemon, 9102. Halafu kuna Storage Daemon, inayoandika kwenye diski au tepu, 9103. Director na Storage ziko Posta. Muda wa ratiba ukifika, tuseme saa nane usiku, Director inabisha hodi Mbagala kwenye 9102. Mtu wa mtandao amefungua 9102, hodi inaitikiwa, na wote mnaona mambo yako sawa. Sasa angalia: mafaili hayapiti hapo! Director inaiambia kompyuta ya Mbagala ipeleke mafaili kwa Storage, na inaipa anwani ya kwenda. Inayoanza safari ya pili ni Mbagala yenyewe, kuja Posta kwenye 9103.

MWANAIDI: Yaani mlango wa pili uko upande mwingine kabisa.

BARAKA: Ndiyo. Na faiawoli nyingi za sasa zinamkumbuka aliyeanza mazungumzo, majibu yake yanapita bila kanuni ya ziada. Kwa hiyo ombi la "naomba mnifungulie 9102 na 9103" halijakamilika. Andika hivi: kutoka Director kwenda kompyuta ya Mbagala, TCP 9102, na kutoka kompyuta ya Mbagala kwenda Storage, TCP 9103. Hiyo TCP ndiyo aina ya muunganisho. Mtu wa mtandao akisoma hivyo hana cha kubahatisha.

MWANAIDI: Umesema Director inaipa Mbagala anwani ya Storage. Mtu akiwa ameandika "localhost", yaani "kompyuta hii hii", kwenye usanidi wa Director?

BARAKA: Swali zuri sana hilo. Kompyuta ya Mbagala itaenda kutafuta Storage ndani yake yenyewe, na haimo. Weka jina au anwani ambayo tawi linaweza kuifikia.

MWANAIDI: Na kama sera ya ofisi inakataza tawi kuanzisha muunganisho wowote kwenda kwenye seva za makao makuu?

BARAKA: Mimi sera hiyo naiunga mkono. Bacula, tangu toleo la 7.0, ina mpangilio unaoitwa "SD Calls Client". Bareos, ambayo imetokana na Bacula, wao wanauita "Passive". Ukiuwasha, Storage ndiyo inayokwenda kubisha Mbagala, kwenye 9102 ileile.

MWANAIDI: Kwenye kupima je?

BARAKA: Pima ukiwa kwenye mashine inayoanza. Kupima 9103 ukiwa Posta hakukuambii chochote kuhusu Mbagala. Linux tumia nc -zv, Windows tumia Test-NetConnection. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, mara nyingi mashine umeifikia ila hakuna programu inayosikiliza, basi angalia kama huduma imewaka. Ukisubiri mpaka muda unaisha, shuku faiawoli inayotupa pakiti, yaani vipande vya data, kimyakimya.

MWANAIDI: Kuna anayechoka na haya yote, anafungua kila kitu hadi intaneti.

BARAKA: Jamani, hapana! Seva ya bakapu ina nakala ya kila kitu na nywila za kuingilia seva nyingine. Mwaka 2023 Veeam, watengenezaji wa programu ya bakapu, walitoa marekebisho ya udhaifu wa kiusalama uliosajiliwa kama CVE-2023-27532. Aliyeweza kufikia poti 9401 ya seva ya bakapu aliweza kuchota taarifa za kuingilia zilizohifadhiwa humo, bila kuwa na nywila. Matawi yapitie VPN, ile njia ya faragha iliyosimbwa juu ya intaneti, na kila kanuni itaje anwani inayotoka na inayokwenda.

MWANAIDI: La mwisho, siku ya kurejesha data poti zinabadilika?

BARAKA: Kwa Bacula ni zilezile, na mwelekeo ni uleule. Ila mara nyingi unarejesha kwa sababu kompyuta ya zamani imekufa au imeibwa, na mpya inakuja na anwani nyingine ambayo kanuni hazijaitaja. Ombea ruhusa mashine ya akiba mapema, halafu jaribu kurejesha faili moja kwenye mashine hiyo wakati mtu wa mtandao bado yupo ofisini.